Kujenga si kazi, kazi ni kumalizia

Rafiki yangu wa tangu utotoni alinitembelea nyumbani Mombasa alasiri moja mapema mwaka 2021, akanikuta nimekaa sakafuni, miwani puani na brashi nyembamba mkononi, nikipaka rangi fremu za madirisha. Madirisha yenyewe hayakuzidi sana ukubwa wa kasha la kiberiti. Yalikuwa kumi na manne, yamepangwa juu ya gazeti kuukuu kama dagaa walioanikwa juani. Rafiki yangu alisimama mlangoni, akanitazama, akayatazama madirisha, kisha akaangua kicheko hata akalazimika kushika mwimo wa mlango.

"Ama kweli uzee ni utoto wa pili!" akasema. "Bwana mzima na mvi zako, unacheza kalongolongo?"

Nilimweleza kwamba sikuwa nikicheza. Nilikuwa nikifanya kazi niliyoachiwa na binti yangu kabla hajarudi shuleni, na kazi hiyo ilikuwa na siku yake ya kukaguliwa. Maelezo hayo hayakunisaidia. Yalimzidishia kicheko.

Siku hiyo sikumjibu kama nilivyotaka. Namjibu leo, na pamoja naye nawajibu wote wanaoamini kwamba mtu mzima anayetumia saa zake kujenga nyumba ya mwanasesere ama amerukwa na akili ama hana kazi ya kufanya.

Kwa asiyeufahamu uraibu huu, nianze na maelezo mafupi. Nyumba ya mwanasesere ni nyumba ndogo iliyojengwa kwa mfano wa nyumba halisi, yenye vyumba, ngazi, milango na paa, ambayo aghalabu huachwa wazi upande wa nyuma ili mkono uweze kuingia. Mtu anaweza kuinunua ikiwa imekwisha kujengwa. Lakini katika nchi kama Uingereza na Marekani huuzwa pia masanduku yenye vipande tu: mabamba ya plaiwudi yaliyokatwa kwa mashine za chuma au kwa miale ya leza, kijitabu cha maelezo, na mara nyingine vigae vidogo vya mbao vya kuezekea. Anayenunua sanduku ndiye mwashi, seremala, fundi wa umeme na mpaka rangi.

Kipimo kinachotumika sana ni cha moja kwa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba futi moja ya nyumba halisi huwa inchi moja ya nyumba ndogo. Mtu wa futi sita huwa mwanasesere wa inchi sita, na mlango wa futi saba huwa mlango wa inchi saba. Ukilifahamu jambo hilo umefahamu pia kwa nini kazi hii haina msamaha. Ufa wa milimita moja, ambao katika rafu ya vitabu hakuna ambaye angeujali, huwa katika nyumba hii sawa na ufa wa milimita kumi na mbili katika nyumba unayoishi. Unywele mmoja wa brashi uliosahauliwa kwenye rangi huonekana kama kamba iliyopigwiwa lipu ukutani.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watoto hawana budi kuiuliza historia. Katika mji wa Nürnberg, nchini Ujerumani, mwaka 1631, mwanamke aliyeitwa Anna Köferlin aliwaonyesha watu nyumba kubwa ya namna hiyo kwa malipo, kwa hoja kwamba vijana wangejifunza humo utaratibu wa kutunza nyumba. Mjini Amsterdam, kuanzia takriban mwaka 1686 hadi 1710, Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri, alikusanya na kupanga nyumba ndogo ndani ya kabati la fahari, akiwatumia mafundi stadi na kuagiza vyombo vidogo vya kauri kutoka China. Haikutengenezwa kwa ajili ya watoto kuichezea. Nyumba hiyo ingalipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, na wageni huizunguka kwa heshima ile ile wanayoizungukia michoro ya mabingwa.

Nyumba mashuhuri kuliko zote ni ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyojengwa kati ya mwaka 1921 na 1924. Msanifu wake alikuwa Edwin Lutyens, mtu yule yule aliyekuwa akisanifu majumba ya serikali ya New Delhi. Ndani yake mna umeme, mifereji inayotoa maji baridi na moto, na lifti zinazopanda na kushuka. Waandishi waliombwa waandike vitabu vidogo kwa ajili ya maktaba yake, na Arthur Conan Doyle, aliyemzua mpelelezi Sherlock Holmes, akaandika hadithi fupi kwa mkono wake. Nyumba hiyo ilionyeshwa Wembley mwaka 1924 katika maonyesho makubwa ya milki ya Uingereza, maonyesho ambayo makoloni ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwa mojawapo, yalikuwa na banda lao. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walipanga foleni kuitazama. Sasa imo katika kasri la Windsor.

Fauka ya hayo, uraibu huu umewahi kutumika kutafuta haki. Nchini Marekani, katika miaka ya 1940, mwanamke mmoja aitwaye Frances Glessner Lee alijenga vyumba vidogo kwa kipimo hicho hicho cha moja kwa kumi na mbili, na katika kila chumba akaweka maiti ya mwanasesere. Vyumba hivyo vilieleza vifo vilivyotatanisha. Maofisa wa polisi waliletwa mbele yavyo na kupewa muda wa kutazama tu, bila kugusa, kisha wakaulizwa: je, mtu huyu amejiua, ameuawa au amepatwa na ajali? Jibu lilikuwa limefichwa katika vitu vidogo kama vile doa, tundu au pazia. Vyumba kumi na vinane kati ya hivyo vimehifadhiwa mjini Baltimore na vimeendelea kutumika kuwafundisha wapelelezi. Nani atathubutu kusema kwamba mwanamke huyo alikuwa akicheza kalongolongo?

Hata hivyo, mimi sikuingia katika uraibu huu kwa sababu ya malkia wala wapelelezi. Niliingia kwa mlango wa deni.

Mwaka 2011 nilikwenda London kwa shughuli za kikazi. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka sita, na alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: nyumba ya mwanasesere aliyokuwa ameiona katika kitabu cha picha. Siku ya mwisho ya safari niliingia dukani, nikazikuta nyumba zilizokwisha kujengwa, na bei zake zikanitoa jasho ingawa nje kulikuwa na baridi. Kando yake palikuwa na sanduku bapa lenye picha ya nyumba ya ghorofa mbili ya mtindo wa kale wa Kiingereza, kwa bei isiyofika nusu. Nikalinunua, nikajiona mwerevu.

Nilipofika nyumbani nilimwahidi mtoto kwamba baada ya miezi mitatu angekuwa na nyumba yake. Usiku huo nililifungua sanduku. Nikayaona mabamba ya plaiwudi, kila moja likiwa na vipande vingi vinavyofanana, nikakifungua kijitabu cha maelezo, nikasoma kurasa mbili, nikakifunga. Nikalipandisha sanduku juu ya kabati la nguo hadi nitakapopata nafasi.

Alipokuwa na miaka saba aliniuliza kila Jumamosi. Alipokuwa na miaka minane aliniuliza wakati wa likizo. Alipofika miaka kumi hakuuliza tena. Sikuitambua siku aliyoacha kuuliza, na sidhani kwamba yupo mzazi anayeitambua siku kama hiyo. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini walisema pia, chelewa chelewa utampata mwana si wako. Mimi niliyajua maneno yote mawili kwa moyo na nilikuwa nimeyaandika mara nyingi kwa faida ya wengine.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi shule zilifungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kafyu ikatangazwa. Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa nyumbani kwa mshahara uliopunguzwa. Tulikaa chini ya paa moja kutwa kucha, kila mmoja akiinamia simu yake, na mazungumzo yetu yakawa ni chakula kiko tayari, na nani ameichukua chaja yangu. Nilitambua wakati huo kwamba nilimfahamu mtoto wangu kwa ripoti za shule.

Siku moja alipanda juu ya kiti kutafuta vitabu vyake vya zamani, akalishusha sanduku lililojaa vumbi. Akaniletea sebuleni.

"Baba," akasema, "hii si ile nyumba yangu?"

Hakusema kwa lawama. Laiti angelaumu, ningekuwa na la kujitetea. Nikamwambia naam, ndiyo. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi tuijenge. Kwani tuna kazi gani?"

Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na bahati ambayo sikuistahili.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la pupa. Tulivichomoa vipande vyote kutoka kwenye mabamba yake siku ile ile, tukawa na rundo la mbao tusizozitambua. Mjenzi mwenye busara huandika kwanza kwa penseli namba ya kila kipande mgongoni, huku kikiwa bado kimeshikwa na bamba lake, na hukichomoa tu anapokihitaji. Sisi tulitumia siku tatu kulinganisha rundo letu na michoro ya kijitabu. Msomaji unaweza kucheka, lakini katika siku hizo tatu tulizungumza kuliko tulivyozungumza katika miaka mitatu iliyotangulia.

Tatizo la pili lilikuwa hewa ya pwani. Miaka tisa juu ya kabati ilikuwa imezipinda kuta mbili kama mkate wa kumimina uliotolewa kwenye chungu kabla ya wakati wake. Tuliulowesha kidogo ule upande uliobonyea, tukazilaza kuta hizo juu ya meza na kuziwekea vitabu vizito usiku kucha. Asubuhi zilikuwa zimenyooka. Baadaye tulijifunza kwamba ukuta wa plaiwudi hupakwa rangi ya kwanza pande zote mbili, kwa kuwa ukipakwa upande mmoja tu unyevu huuvuta na kuupinda tena.

Baada ya hapo ikaja kazi ya msasa, ambayo haina sifa wala picha ya kumwonyesha jirani. Kila ukingo husuguliwa hadi vijiti vinavyochoma vitoweke na kila ulimi uingie katika tundu lake bila kulazimishwa. Kisha nyumba nzima husimamishwa bila gundi, ikishikwa kwa utepe wa karatasi, ili kasoro zionekane wakati zingali zinaweza kurekebishwa. Sisi tulifanya hivyo, tukaridhika, tukaanza kugandisha. Na hata hivyo tuligandisha ukuta mmoja ukiwa juu chini, dirisha likawa karibu na dari kama la seli ya gereza. Nilitaka tuliache. Binti yangu alikataa. Alilowesha kitambaa katika maji ya moto, akakibana kwenye kiungo mpaka gundi nyeupe ikalainika, akauchomoa ukuta polepole.

"Tukiacha hili," akaniambia, "tutakuwa tukiliangalia kila siku."

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti ya kujenga na kumalizia. Kuta za nyumba yetu zilisimama katika muda wa siku chache. Mtu akipita angedhani kazi imekwisha. Ilhali kazi ilikuwa haijaanza. Katika nyumba hizi utaratibu ndio kila kitu. Rangi ya dari hupakwa kabla dari haijapanda. Karatasi za ukutani hubandikwa kabla ngazi haijawekwa, kwa maana ngazi ikishasimama mkono haufiki nyuma yake. Umeme hutangulia karatasi, kwa kuwa tepe mbili nyembamba za shaba hubandikwa ukutani, karatasi ikazifunika, na vitaa vikachomekwa humo. Umeme wenyewe ni wa volti kumi na mbili, unaopunguzwa na transfoma ndogo, na hauwezi kumdhuru mtoto. Kazi hiyo ya umeme ilifanywa yote na binti yangu. Mimi nilishika kijitabu na kusoma kwa sauti.

Nyumba ilikuwa na mahali pa kuotea moto katika vyumba vitatu. Binti yangu alivitazama vipande hivyo akauliza nani ataota moto Mombasa. Tukaviacha, na kwa mbao zilizobaki akatengeneza baraza mbili mbele ya mlango, moja kila upande, ili wageni wapate pa kuketi. Alitaka pia kuta za sebule zivalishwe kipande cha leso kuukuu ya nyanyake. Tulijaribu. Maua ya leso yalikuwa makubwa kama magurudumu, na chumba kikaonekana kama kibanda kilichofunikwa kwa bango. Kipimo cha moja kwa kumi na mbili hakimheshimu hata nyanya. Tulitafuta tafuta mpaka tukapata mistari myembamba ya ukingo wa kikoi, na hiyo ikawafaa wakazi wadogo kama mapazia.

Januari mwaka 2021 shule zilifunguliwa. Nyumba ilikuwa imebakisha madirisha na paa. Asubuhi ya kuondoka binti yangu aliniachia fremu kumi na nne na maagizo: rangi mara mbili, nyepesi, na msasa mwembamba kati ya rangi ya kwanza na ya pili. Kuhusu paa alisema neno moja tu.

"Usiezeke bila mimi, Baba."

Hizo ndizo fremu alizozikuta rafiki yangu. Nakiri kwamba paa lilinishawishi. Vigae vilikuwa ndani ya mfuko, jioni zilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimekwisha kuonja utamu wa kazi ile. Lakini kwa miaka tisa nilikuwa nimemfanya mtoto angoje. Nikaona si vibaya na mimi kungoja miezi michache.

Alipokuja likizo tuliezeka pamoja. Tulipiga mistari ya penseli juu ya paa, tukaanza safu ya chini na kupanda juu, kila kigae kikifunika maungano ya vigae viwili vilivyo chini yake, kama mafundi wanavyofanya juu ya nyumba za watu. Tulikuwa tumejaribu gundi ya maji kwenye vigae vichache, vikajikunja kama majani makavu, kwa hiyo tukatafuta nyingine isiyo na maji. Kazi ilichukua siku sita. Siku ya sita jioni aliwasha taa za nyumba yake, nasi tukazima zile za nyumba yetu, tukakaa kimya tukiitazama.

Sidai kwamba deni lilikuwa limelipwa. Mtoto wa miaka sita aliyeiomba nyumba ile hakuwapo tena kuipokea. Aliyekuwapo alikuwa msichana mrefu aliyejua kuunga waya na aliyeweza kumkatalia baba yake. Nilishukuru kumfahamu huyo.

Nataka sasa nitoe rai yangu, maana ukurasa huu haukuwekwa kwa ajili ya hadithi peke yake.

Kwanza, tuache kuwacheka watu wazima wenye uraibu wa mikono. Katika miji yetu mtu mzima anaruhusiwa kupumzika kwa njia mbili: kutazama kandanda ya Ulaya, au kunywa. Anayeshona, anayechonga au anayejenga kitu kisichouzwa huulizwa faida yake nini. Faida ni kwamba wengi wetu tunafanya kazi ambazo mwisho wake hatuuoni. Karani huandika barua zisizokwisha, mwalimu husahihisha madaftari yasiyokwisha, na mwandishi wa gazeti huandika makala ambayo kesho yake hufungiwa mandazi. Ni siha kwa nafsi kufanya angalau jambo moja ambalo lina mwanzo, katikati na mwisho, na ambalo hakuna bosi aliyeliagiza.

Pili, najua kwamba patakuwa na msomaji atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wenye nacho. Ni kweli kwamba masanduku hayo yakiletwa hapa bei yake pamoja na ushuru si mchezo. Lakini sanduku si sharti. Mabaki ya plaiwudi yamo katika kila karakana ya seremala, na boksi gumu la karatasi haliuzwi ghali. Vijana wetu wametengeneza magari ya waya tangu zamani, yenye usukani unaozungusha magurudumu ya mbele, bila kijitabu cha maelezo. Sisi watu wazima tuliyaita magari hayo dalili ya umaskini, kisha tukasafiri kwenda kununua plaiwudi iliyokatwa na mashine.

Tatu, na hili ni la wazazi. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, tumesikia malalamiko mengi juu ya kazi za mikono ambazo watoto huagizwa kuzifanya nyumbani. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki, kwa kuwa vifaa hugharimu fedha na si kila mzazi anazo. Lakini wapo wanaoweza na ambao hulipa fundi wa mtaani afanye kazi hiyo, mtoto akaibeba shuleni kama mzigo wa mtu mwingine. Mtoto huyo amejifunza jambo, nalo ni kwamba baba hana saa moja. Afadhali kibanda kilichopinda kilichojengwa na mikono minne kuliko kasri lililonunuliwa.

Na wala wasichana wasiachiwe nyumba na wavulana magari. Mwenye kuunga umeme katika nyumba yetu alikuwa binti, na aliyepaka madirisha rangi alikuwa babake. Nyumba haikuanguka.

Leo binti yangu yuko chuo kikuu. Nyumba ingali sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya televisheni. Hapo mwanzo niliilinda kama mali ya makumbusho, nikiwakataza watoto wa jirani wasiikaribie. Yeye ndiye aliyemwita mtoto wa jirani, msichana wa miaka sita, akamketisha mbele yake na kumpa wanasesere wawili. Nilipolalamika kuhusu rangi alinijibu kwamba nyumba isiyokaliwa huoza. Juma lile lile mtoto alivunja nguzo mbili za ngazi. Tukazigandisha, yeye akizishikilia kwa kibanio cha nguo huku akihesabu hadi mia kama alivyoelekezwa.

Yule rafiki yangu naye alirudi. Safari hii hakucheka. Aliinama akachungulia chumba baada ya chumba, akauliza gundi ya vigae ilikuwa ipi, kisha akanyamaza kwa muda. Ana nyumba yake mashambani ambayo kuta zake zimesimama miaka kumi na mitano, vyuma vikichungulia juu kama vidole, popo wakiwa ndio wapangaji. Alikuwa amewaahidi wazazi wake. Sikumkumbusha. Nani ningekuwa mimi wa kumkumbusha?

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nami naongeza, kwa ruhusa yao, kwamba kujenga si kazi, kazi ni kumalizia. Msomaji, ikiwa nyumbani mwako lipo sanduku juu ya kabati, liwe la nyumba ya mwanasesere au la ahadi nyingine yoyote, literemshe leo jioni na umwite yule uliyemwahidi. Usingoje mpaka shule zifungwe tena.